Mtani Wangu Hakujibu

Mimi mdomo wangu unajulikana. Uliza Gongoni nzima hapa Tabora, uliza mpaka kule stesheni, watakwambia Mama Elieth hana breki. Ndivyo nilivyozaliwa na sijamwomba mtu radhi. Kwa hiyo nikikwambia niliogopa, niamini, maana mimi si mtu wa kutishika na kivuli.

Ilianza asubuhi moja getini kwetu kiwandani. Kiwanda chetu ni cha asali, kiko barabara ya kwenda Nzega. Asali inaletwa kwa ndoo kutoka porini, sisi tunaichuja, tunaijaza kwenye chupa, inakwenda kuuzwa Dar na ng'ambo. Mimi niko kwenye machujio. Msimamizi wa zamu yangu ni Sylvester, Mgogo wa Dodoma, mrefu, mpole, ana baiskeli moja kuukuu ambayo kila kitu chake kinalia isipokuwa kengele. Mimi Mnyamwezi. Hapo kwa mtu wa huku nimeshamaliza maelezo, lakini kwa faida ya mgeni niseme: Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani ilikuwa lazima wapite Ugogo, na babu zake Sylvester waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, hata maji ya kunywa waliwatoza. Tangu hapo hatuachani. Tunatupiana maneno, sisi tukiwaita ombaomba kwa ukame wa kwao, wao wakituita wapagazi, tunacheka, na siku ya msiba tunazikana. Mtani hakasiriki. Ukimkasirikia mtani wako umeuvunja utani, na mtu wa namna hiyo sijui atazikwa na nani.

Basi kila asubuhi ndivyo tulivyokuwa tunaamkiana. Mimi namwambia, "Wewe ombaomba, leo umeanzia mlango wa nani?" Yeye ananijibu, "Mpagazi wewe, tua mzigo upumue, shingo imeshazama kifuani." Wenzetu wanacheka, tunaingia kazini. Miaka yote niliyofanya kazi pale ilikuwa hivyo.

Asubuhi hiyo nikamwona anashuka kwenye baiskeli, nikamrukia kama kawaida. "Mgogo! Kwenu mvua imenyesha, au bado mnalamba umande?"

Hakujibu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akainama kufunga kufuli, akachukua muda mrefu mno kwa kufuli ndogo kama ile. Halafu akasema bila kuniangalia, "Ingia kazini, Mama Elieth."

Mama Elieth! Sylvester hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane. Nikasimama pale na kibegi changu cha chakula, watu wananipita, nikajua kuna jambo limeharibika na mimi sijaambiwa.

Sikukaa sana nikaambiwa. Lakini kwanza nieleze kisa cha Kabula, maana huko ndiko mambo yalikotoka.

Kabula ni binti wa Igunga, yuko sehemu ya kujaza chupa, hana makuu, hata akiita jina lako ni kama anaomba ruhusa. Siku moja aliteleza na ndoo, asali ikamwagika sakafuni. Bwana Lukumani, meneja uzalishaji, akatokea. Huyu Lukumani kila mtu pale alikuwa anamjua. Kwake yeye mwanaume ni mbwa, mwanamke ndiyo usiseme. Lakini siku ile alivuka mpaka. Alimtukana Kabula tusi la mama yake, lile la nguoni kabisa, akalirudia, akaongeza mengine juu yake, mbele yetu. Mimi nilikuwa karibu nao na chujio mkononi. Siwezi kuyaandika yale maneno. Kabula hakulia. Alichukua dekio akapiga deki sakafu yote, hata pale ambapo asali haikufika. Kesho yake saa ya chakula akakaa anaangalia bakuli lake tu.

Mimi damu ilinichemka. Nikamwambia, "Mwanangu, twende kwa Bi Advera." Bi Advera ndiye afisa utumishi, mama mmoja mtulivu, mgeni Tabora. Akatusikiliza, Kabula akalalamika, mimi nikajiandikisha kuwa shahidi. Wengine waliosikia? Masikio yao ghafla yalijaa nta. Bwana Lukumani alipoulizwa akaruka futi mia: hakumwambia Kabula neno lolote baya, alimwambia tu awe mwangalifu. Ikawa neno lake kwa neno letu. Lakini wiki ile ile likabandikwa tangazo ukutani: ni marufuku kutumia lugha chafu, lugha ya matusi na lugha ya kumdhalilisha mtu kwa jinsia, dini au kabila. Sisi tukafurahi, mimi hasa, nikawasomea kwa sauti wasioona vizuri. Kumbe nilikuwa nashangilia kamba ya kunifungia mwenyewe.

Mchana wa siku ile ambayo Sylvester alikataa kunijibu, Bi Advera akaniita ofisini.

"Mama Elieth, Ijumaa asubuhi una kikao cha nidhamu," akasema. "Umelalamikiwa kwamba unamdhalilisha mwenzako kwa kabila lake, tena mara kwa mara, na majuzi mbele ya wanunuzi kutoka Dar. Umemwita ombaomba."

Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka. "Sylvester? Yule mtani wangu!"

"Kanuni haina mtani," akasema taratibu. "Kosa likithibitika ni kufukuzwa kazi. Sipendi kukuficha."

Kicheko kikanikatikia mdomoni. "Nani kanilalamikia?"

"Bwana Lukumani ndiye aliyeleta malalamiko. Shahidi wake ni Sylvester mwenyewe."

Nilishika kiti. Nikamuuliza, na shauri la Kabula je? Akasema, "Shahidi wa Kabula ni wewe peke yako. Ukiondolewa kwa kosa la matusi, nani atakusikiliza ukimshuhudia mwenzako matusi?"

Loo! Huyo ndiye Lukumani. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: mimi naondoka, Kabula anabaki peke yake, naye anabaki na mdomo wake mchafu. Na kisu alichokitumia ni mtani wangu. Sylvester, mtu niliyemzikia mwanawe! Nilitoka mle ofisini bila kuaga.

Siku zile zilizobaki sijui niliziishije. Kazi ile ndiyo inayomsomesha Elieth uuguzi, maana baba yake, mume wangu Masele, alianguka mtini akitundika mzinga na mguu haukurudi kuwa mguu tena. Nikirudi nyumbani bila kazi nitamwambia nini mtoto? Njoo nyumbani, mama yako kafukuzwa kwa kutukana? Maharage niliyaunguza mara mbili. Masele akaniambia, "Nenda kamwone huyo Mgogo, mzungumze."

"Nikamwombe? Mimi nimwombe Mgogo?" nikafoka.

"Basi utani huo endelea nao," akasema, akageukia redio yake.

Ukweli ni kwamba nilishajaribu. Nilimvizia Sylvester penye mapipa, nikamwita kwa sauti ndogo, akajifanya anahesabu ndoo. Jioni nikamwona kwa macho yangu anapanda gari la Lukumani, baiskeli ameiacha imefungwa ukutani. Nikaona nimekwisha. Cheo cha Sylvester kilikuwa bado cha majaribio, na wa kukithibitisha ni Lukumani. Mtu mwenye watoto ukimwambia chagua, cheo au Mnyamwezi mmoja mwenye kelele, atachagua nini? Hata mimi sijui ningechagua nini, na hilo ndilo lililokuwa linanitisha zaidi.

Bi Advera aliniambia nina haki ya kwenda na mwenzangu mmoja wa kunisindikiza kikaoni. Nikamwendea Magreth, tumekula naye sahani moja. Magreth akaanza kuumwa kichwa siku mbili kabla. Nikamwendea Zablon, anayeimba besi kanisani kwao kwa Wamoraviani mpaka vioo vinatetemeka, Zablon akanong'ona, "Mama Elieth, mimi nitakuombea." Nikamwambia uombee kwanza uti wako wa mgongo. Basi hapo nikarudi kwenye machujio yangu, maana sikutaka wajue ninavyoogopa.

Aliyekuja ni Kabula. Alinikuta naosha machujio. "Nitakwenda na wewe, mama," akasema.

"Wewe? Yule atakuwepo mle ndani."

"Najua." Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya aproni. "Naogopa, lakini nitakwenda."

Nikamwambia hata mimi naogopa. Hakushangaa. Nafikiri alikuwa ameshajua.

Ijumaa ikafika. Chumba cha mikutano kina meza ndefu, na katikati wamepanga chupa za asali za kuonyesha wageni. Bi Advera alikaa katikati, kulia na kushoto wajumbe wawili waliotumwa kutoka ofisi kuu, baba mmoja wa makamo na mwanamke kijana mwenye miwani. Bwana Lukumani alikaa pembeni, amevaa shati jeupe, ananukia vizuri, amekunja nne. Mimi na Kabula tukaketi upande wa pili. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na feni inazunguka juu yangu.

Lukumani akaeleza. Jamani, mtu yule anajua kuzungumza! Sauti laini, kama mchungaji anayesikitika. Kwamba yeye anapenda amani kazini. Kwamba kila asubuhi anasikia mfanyakazi mwenzetu anaitwa ombaomba, mlamba umande, mwizi wa hongo, kwa sababu tu ya kabila lake. Kwamba wanunuzi waliona aibu. Na kwamba inashangaza mtu wa namna hiyo ndiye anayejitia kushuhudia matusi ya wengine. Kila neno alilosema kuwa nimelisema, nilikuwa nimelisema. Hakuongeza hata moja.

"Mama Elieth," Bi Advera akaniuliza, "ulimwita Sylvester ombaomba?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimeifanyia mazoezi nikipika, nikioga, nikitembea. Yote ikayeyuka. "Ndiyo," nikasema.

"Mbele ya wageni?"

"Ndiyo."

"Una la kueleza?"

Nikafungua mdomo, mimi, Mama Elieth asiye na breki, na kilichotoka ni, "Ni utani tu, mama." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. Yule mjumbe mwenye miwani akaandika kitu. Nikawaza sijui ameandika nini, na nikaanza kumwona Elieth anafunga begi lake kule chuoni.

"Aitwe Sylvester," Bi Advera akasema.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia akiwa ameshika kofia yake ya kazi, macho chini. Kulikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, cha kunielekea mimi. Nikawaza haraka haraka: nikimtania, nimejimaliza, nikikaa kimya, watasema nina kiburi. Basi kwa woga nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nimjue. Nilinyanyuka kidogo nikasema, "Habari za asubuhi, Bwana Sylvester."

Alisimama pale pale nyuma ya kiti. Aliniangalia, mara ya kwanza tangu siku ile ya kufuli. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyepokea simu ya msiba. Halafu akakaa.

"Sylvester," Bi Advera akasema, "huyu mama amekuwa akikuita ombaomba?"

"Ndiyo."

"Na mlamba umande? Na maneno mengine kuhusu kabila lako?"

"Ndiyo. Mengi."

Lukumani akashusha mguu wake akatulia vizuri kitini. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Unajisikiaje anapokuita hivyo? Sema kweli. Hakuna atakayekuadhibu kwa jibu lako."

Sylvester akazungusha kofia mkononi, akaizungusha tena. Lukumani akakohoa kidogo, kikohozi cha kukumbusha. Na hapo Sylvester akainua kichwa, akanitazama mimi, si Bi Advera, akasema kwa sauti ya kujaa chumba:

"We mpagazi! Nani kakutwisha mzigo mzito hivyo mpaka umesahau jina langu? Bwana Sylvester ni nani? Babu zako walifika kwetu ulimi nje kwa kiu, wakapiga magoti kuomba maji, leo wewe unaniletea habari za asubuhi!"

Mjumbe mwenye miwani kalamu ikasimama. Na mimi nikaelewa, wote mle ndani wasioelewa, mimi nikaelewa. Mtani wangu alikuwa amenirushia, na alikuwa anangoja. Nikijibu, nimetenda kosa lile lile mbele ya kikao chenyewe kinachonihukumu. Nisipojibu, basi si utani, ni mtu na mtu wanatukanana, na Lukumani ameshinda. Sekunde zikapita. Macho ya Sylvester yakaanza kuogopa, nikaona, na yeye alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Chini ya meza mkono ukanishika gotini. Ulikuwa baridi. Ni Kabula.

"Mgogo," nikasema. "Mgogo wewe, usijivune kwa maji ya watu. Kisima chenyewe mlichimbiwa na babu zangu walipochoka kuwasubiri mkiomba barabarani. Na hilo shati ulilovaa umeliomba kwa nani, mbona mikono haifiki?"

Yule mjumbe wa makamo akatoa sauti puani, akajifanya anapenga kamasi.

Lukumani akaruka. "Mmesikia! Mmesikia wenyewe, hapa hapa, mbele yenu! Huyu mama hana adabu hata kikaoni!"

Bi Advera akainua mkono. "Sylvester, umetukanwa?"

"Hapana," Sylvester akasema. "Nimejibiwa." Akaweka kofia mezani. "Mama, nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, nilikaa ndani siku nyingi sili. Watu walikuja, pole, pole, Mungu ametwaa. Mimi sisikii. Huyu akaingia bila hodi, akakaa kitandani kwangu na viatu vyake, akasema, Mgogo, leo hata kuomba umeshindwa? Akaniwekea ugali mkononi, akasema, omba basi, nikuone. Nikacheka. Mke wangu akadhani nimepata wazimu. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikala. Sasa kama yale ni matusi, mimi niandikieni kwamba nayahitaji."

Mimi machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Wala sikuyafuta. Na kitu kilifunguka kifuani, mdomo wangu ukarudi wenyewe.

"Bi Advera, naomba kusema."

"Sema."

"Mimi maneno yangu nimeyasema hapa. Mbele yenu, mbele ya mwenyewe, na nikitakiwa nitayasema mbele ya mama yake mzazi, naye atanijibu na kunipa chakula. Sasa na Bwana Lukumani naye ayaseme hapa yale aliyomwambia Kabula siku ile ya asali. Yale yale. Kabula huyu hapa. Amwangalie, aseme."

Mkono wa Kabula ukanibana gotini mpaka nikaumia. Kila mtu akamgeukia Lukumani.

Naye, kwa hasira, ndiyo maana nasema hasira si mshauri, akagonga meza. "Unanifanya mimi sina heshima? Maneno kama yale hayasemwi mbele ya mama wa watu!"

Bi Advera akamgeukia.

"Maneno yapi, Bwana Lukumani?"

Hakujibu.

"Mpaka leo umetuambia hukumwambia Kabula neno lolote baya. Maneno yapi hayo yasiyosemwa mbele yangu?"

Shati lile jeupe likaanza kulowa kwapani. Na Kabula, mtoto yule wa kuomba ruhusa, akasimama na akayasema. Yote, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, kama anasoma tangazo. Mjumbe wa makamo akainamisha kichwa. Mimi mwenyewe niliyekuwepo siku ile nilitamani kuziba masikio. Kabula alipomaliza akakaa, akaanza kulia, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia kwa jambo lile.

Tulitolewa nje tukasubiri kwenye benchi la korido, mimi, Kabula na Sylvester, Lukumani amesimama peke yake dirishani. Usifikiri woga ulikuwa umekwisha, la hasha. Nilikuwa nimejibu tusi mbele ya kikao, na kanuni bado ilikuwa haina mtani. Nilisali Salamu Maria zote ninazozijua na nikaanza upya.

Walipotuita, Bi Advera alisema hivi: mimi sifukuzwi. Nimepewa onyo la mdomo, kwa sababu wageni walisikia na hawakuelewa, na mpaka kanuni iandikwe vizuri zaidi, utani uishie getini. Bwana Lukumani anasimamishwa kupisha uchunguzi, na juma lijalo atakaa kwenye kiti nilichokikalia mimi.

"Juma lijalo?" nikasema. "Kwa nini asiondoke leo? Mmemsikia!"

"Wewe ulisikilizwa, Mama Elieth," akasema. "Naye atasikilizwa. Na ana haki ya kuja na mwenzake wa kumsindikiza."

Nilitaka kubisha. Nikamwona Lukumani anatazama huku na huku, anatafuta uso wa kumwomba, na hapakuwa na uso. Niliujua woga ule. Nikanyamaza, ingawa sikumhurumia.

Jioni Sylvester alikuwa anafungua kufuli ya baiskeli yake. Nikapita bila kumsemesha, amri ni amri. Akaikokota akanifuata, tukatembea kimya, mlinzi akatufungulia, tukatoka. Tulipovuka tu geti akasimama.

"Nilikuwa nimekubali," akasema. "Nataka ujue. Aliniambia nikisema nimeumizwa, cheo ni changu, na nisiposema, nirudi Dodoma. Nilikubali. Nimeingia mle ndani nimekubali."

Nilihisi baridi, jua lote lile. "Sasa ikawaje?"

"Uliniita Bwana." Akaangalia usukani wa baiskeli. "Tangu mwanangu afe hakuna kitu kimenitisha vile. Nikasema, kumbe nimeshakufa, ndiyo maana huyu ananiheshimu."

Lori la pamba likapita, vumbi likatufunika. Nikataka kumtukana tusi kubwa kuliko yote, la babu zake na kisima chao na baiskeli yao. Halikuja. Nilianza kulia pale barabarani kama mtoto, watu wanapita wanashangaa, na Sylvester amesimama na mikono yake mirefu hajui aiweke wapi.

"Lia, mpagazi," akasema mwishowe. "Lia, lakini machozi utayalipia hongo. Hapa nilipo mimi bado ni Ugogo."